MAONI: Piga picha kwenye veranda ya mkoloni, lakini ujue nani alipigwa risasi mbele yake

Kila wikendi picha ni zile zile. Kikombe cha kahawa chenye povu, kiti cha fito, feni ya darini, na ukutani picha nyeusi na nyeupe ya mkokoteni unaovutwa na ng'ombe. Chini yake maneno machache: "Nairobi ya zamani ilikuwa tamu." Marafiki wanapenda, wanasambaza, na Jumamosi inayofuata wengine wanaenda pale pale kupiga yao.

Sina shida na picha. Pesa ni zako, kahawa ni yako, na tukisema ukweli majengo yale ni mazuri. Swali langu ni dogo tu: hiyo Nairobi ya zamani ilikuwa tamu kwa nani? Maana wengi wetu tunaojipanga hapo tukitafuta mwanga mzuri, babu zetu wasingepita mlango huo wa mbele. Wangepitia nyuma, wakiwa wamevaa kanzu nyeupe na kubeba trei, na mtoto wa mlowezi angewaita "boi" hata kama wana wajukuu.

Hoja yangu ni hii. Hoteli, mikahawa na maduka ya enzi za ukoloni hapa jijini yanatuuzia nusu ya historia kwa bei ya historia nzima. Nusu nyingine, ya waliozuiwa mlangoni, waliopika chai Pumwani na waliouawa barabarani, tunaiacha ipotee. Tunapoiacha, tunashindwa pia kuelewa kwa nini mama wa kibanda bado anakimbizwa na kanjo hadi leo.

Mji uliozaliwa na reli

Reli ilifika hapa mwaka 1899. Jina lenyewe la mji ni la Wamaasai na linahusu maji baridi, lakini waliopanga barabara hawakuwauliza Wamaasai lolote. Wazungu walipoanza kumiminika walihitaji pa kulala, pa kula na pa kununua vitu, na biashara zikafunguliwa haraka.

Stanley ilianza mwaka 1902 ikiendeshwa na mwanamke aliyeitwa Mayence Bent, kwenye barabara ya Victoria. Barabara hiyo unaijua, ndiyo Tom Mboya Street unakopandia matatu. Moto uliiteketeza mwaka 1905, na mwaka 1913 ikajengwa New Stanley pale ilipo hadi sasa. Norfolk ilifungua milango siku ya Krismasi mwaka 1904, na kwa jinsi mabwana wakubwa wa Kiingereza walivyoipenda, watu waliibatiza "House of Lords", kama lile bunge lao la makabaila kule London.

Kuna hadithi moja ya enzi hizo ambayo vijana wanaosaka pesa wataipenda. Abraham Block, Myahudi aliyezaliwa Lithuania, alifika hapa mwaka 1903 akiwa hana kitu cha maana mfukoni. Aliona hoteli zinakosa magodoro, akashona magodoro ya kujaza nyasi na kuyauza. Alilima, akanunua, akauza. Mwaka 1927 aliinunua Norfolk, na mwaka 1947 akainunua New Stanley. Kutoka godoro la nyasi hadi hoteli mbili kubwa zaidi mjini. Huyo alikuwa mchapakazi, hakuna ubishi.

Sasa fanya hesabu nyingine. Chukua kijana wa Kiambu au wa Maragoli, mwaka huo huo, mwenye akili hiyo hiyo na mikono hiyo hiyo ya kazi. Angefika wapi? Ardhi nzuri ilikuwa inagawiwa walowezi. Kulikuwa na kodi ya kibanda, na namna ya kuipata ilikuwa kwenda kufanya kazi kwa huyo huyo mlowezi. Kufikia mwaka 1920 mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, kile cheti cha kazi kilichovaliwa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Ukiacha kazi bila ruhusa ya bwana, kipande kinakufichua na unashikwa. Kiwanja cha hoteli kwenye barabara kuu? Sahau.

Kwa hivyo tunaposoma kwenye menyu hadithi ya "waanzilishi shupavu" waliojenga mji huu, tukumbuke kwamba wapo shupavu wengi ambao sheria ilihakikisha hawaanzilishi chochote.

Machi 16, 1922

Twende kwenye veranda ya Norfolk yenyewe. Barabara inayopita mbele yake inaitwa Harry Thuku Road. Wengi tunaijua kwa sababu ya Kenya National Theatre na Chuo Kikuu cha Nairobi. Ni wachache wanaojiuliza kwa nini Thuku akapewa barabara hapo, na si Westlands au Karen.

Harry Thuku alikuwa kijana aliyefanya kazi ya simu katika ofisi ya hazina ya serikali. Mwaka 1921 walowezi walikubaliana kupunguza mshahara wa Mwafrika kwa thuluthi moja. Wazia hiyo: umelipwa kidogo, kodi imepanda, halafu waajiri wanaketi mahali na kukata theluthi ya hicho kidogo. Thuku akaanza kuwapanga watu kupinga mishahara hiyo, kipande, na kulazimishwa kwa wanawake na wasichana kufanya kazi za sulubu. Tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa.

Watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa, hatua chache kutoka Norfolk. Hawakuwa na bunduki. Tarehe 16, wazee waliokwenda kuzungumza na serikali walirudi wakiwaomba watu watawanyike. Hapo ndipo mwanamke aliyeitwa Mary Muthoni Nyanjiru alipojitokeza. Aliinua nguo yake, ishara ya laana kali katika mila za Wakikuyu, akawaambia wanaume kwamba kama wanaogopa wachukue hiyo nguo yake na wao wampe suruali zao. Umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi. Muthoni alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa.

Na wale waliokuwa kwenye veranda ya hoteli? Simulizi za siku hiyo zinasema baadhi ya Wazungu waliokuwa wameketi hapo walichukua bunduki zao na kufyatua pia. Serikali ilitaja waliokufa kuwa 20 na kitu. Waafrika walioshuhudia walisema walikuwa wengi zaidi. Thuku alipelekwa Kismayu, akakaa kizuizini miaka mingi bila kufikishwa mahakamani.

Hiyo ndiyo veranda. Hapo ndipo tunapopigia picha tukiandika "utulivu".

Sisemi mtu asikanyage hapo tena. Wanaofanya kazi pale leo ni Wakenya wenzetu, wana watoto wa kusomesha, na hakuna hata mmoja aliyeshika bunduki mwaka 1922. Ninachosema ni kwamba tukio kama hilo haliwezi kuachwa liwe la wasomi wa historia pekee, huku ukutani tukionyeshwa simba waliouawa na Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda mwaka 1909. Kama kuna nafasi ya simba, ipo nafasi ya Muthoni.

Nani aliingia, nani alibaki nje

Ubaguzi wa siku hizo mara nyingi haukuhitaji kibao mlangoni. Kila mtu alijua. Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na mji ukapangwa hivyo hivyo, makazi, shule, hospitali hadi choo. Hata Mhindi tajiri aliyeweza kuinunua bili ya kila meza hakukaribishwa kwenye meza hizo.

Lakini kilichoniuma zaidi niliposoma habari hizi ni jambo la pesa. Soko la hisa la Nairobi liliundwa mwaka 1954. Mwanzoni halikuwa na ukumbi wala skrini. Madalali walikutana pale Stanley wakinywa kahawa, wakapatana bei za hisa. Ndiyo maana hoteli hiyo ina baa inayoitwa Exchange. Inasikika kama hadithi nzuri ya kumsimulia mgeni, sivyo? Basi ongezea hii: Waafrika na Wahindi hawakuruhusiwa kununua wala kuuza hisa hadi baada ya uhuru mwaka 1963. Kumbe kufungiwa nje ya mkahawa hakukuwa suala la kukosa keki tu. Ndani ya mkahawa ndimo utajiri ulimogawanywa. Leo tunaambiwa vijana hawana utamaduni wa kuwekeza. Ukifungiwa mlango hivyo, utamaduni huo utautoa wapi?

Kahawa yenyewe ni vivyo hivyo. Kwa miaka mingi Mwafrika alichuma kahawa kwenye shamba la mlowezi lakini hakuruhusiwa kuipanda kwake. Miaka ya 1930 mlango ulifunguliwa kidogo huko Kisii na Meru, na ukafunguliwa zaidi baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, ambao ulikuja vita vya Mau Mau vikiwa vimepamba moto. Kwa hivyo nyanya yako wa Murang'a hakukosa kahawa kwa sababu alipenda chai. Kuna sheria iliyomchagulia.

Na pombe? Mama aliyepika busaa nyumbani kwake Pumwani alikuwa mhalifu. Halmashauri ya mji ilijipa haki ya peke yake ya kutengeneza na kuwauzia Waafrika pombe kwenye baa zake, halafu faida ikatumiwa kulipia huduma za hao hao Waafrika. Yaani ulevi wako ndio ulijenga mtaa wako, huku kodi yako ikienda kwingine.

Haishangazi kwamba wakati wa Mau Mau wapiganaji walipiga marufuku watu wao kupanda mabasi, kunywa bia na kuvuta sigara za Wazungu. Walijua kitu ambacho sisi tunajifanya hatujui: pale unapoweka shilingi yako ni siasa.

Historia iliyo kwenye sahani

Tukitaka Nairobi ya zamani ya kwetu, tuitafute wapi? Anza na neno "hoteli" lenyewe. Kwa Mwingereza hoteli ni vyumba vya kulala. Kwa Mkenya, ukimwambia tukutane hotelini, anawaza chapo na madondo, chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati, na weita anayekariri menyu yote kwa pumzi moja. Neno la bwana tulilichukua tukalipa kazi nyingine.

"Duka" nalo ni neno lililotoka India. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka huko kujenga reli, na pamoja nao na baada yao wakaja wafanyabiashara. Allidina Visram alikuwa na maduka kuanzia pwani hadi Uganda kabla ya kufariki mwaka 1916. Barabara ya Bazaar hapa mjini, ambayo leo ni Biashara Street, ilikuwa yao. Mpaka sasa ukitaka leso, blanketi au nguo za mtoto mchanga unaenda huko. Chapati na sambusa tunazokula bila kufikiria zilisambaa bara kupitia watu hao. Nao baadaye walionja uchungu wao: sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwafungia wasio raia kufanya biashara maeneo mengi, na maelfu wakaondoka nchini. Historia ya maduka yetu si ya malaika na mashetani. Imechanganyika.

Halafu shuka Eastlands. Pumwani ilitengwa miaka ya 1920 kuwa makazi ya Waafrika, na sehemu kubwa ya wenye nyumba walikuwa wanawake, wengi waliokuja mjini peke yao. Waliuza chai, chakula na nafasi ya kulala kwa wanaume waliotoka kazini wakiwa wamechoka. Hizo ndizo hoteli zetu za kwanza mjini. Hazikuwa na feni ya darini.

Kariokor, unakokwenda kula nyama choma na ugali Jumapili, imepata jina kutokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi Waafrika walioswagwa kubebea Waingereza mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na magonjwa. Soko la Burma kwenye Jogoo Road, unakonunua nyama, linabeba kumbukumbu ya askari waliopelekwa kupigana Burma katika vita vya pili. Kila ukisema "niko Kariokor nakula", unataja watu waliokufa, na hakuna aliyekuambia.

Ukinilinganishia, naona Kariokor ina historia nzito kuliko veranda yoyote ya katikati ya mji. Tofauti ni kwamba Kariokor haina mtu wa kuiandikia tangazo.

Mambo ya leo

Kuna wale watakaosema, "Wacha zama zilizopita, sisi tuna shida za rent." Naelewa. Lakini tazama vizuri kama zimepita.

Machi 2015 iliripotiwa kwamba mkahawa mmoja hapa Nairobi ulikuwa hauwaruhusu Waafrika kuingia baada ya saa kumi na moja jioni, isipokuwa wachache waliojulikana. Ilikuwa miaka 52 baada ya uhuru, ndani ya mji mkuu wetu wenyewe. Ulifungwa na mhusika akafikishwa kortini, lakini shtaka lilihusu leseni. Hasira mtandaoni ilidumu siku chache, kisha tukasahau.

Na bado kuna ule ubaguzi mdogo mdogo tunaoujua. Mlinzi anakukagua mpaka ndani ya kiatu huku mgeni mweupe nyuma yako akipita na tabasamu. Mhudumu anakimbilia meza ya wageni, wewe unapunga mkono kama unayeongoza magari. Anayefanya hivyo ni Mkenya mwenzako. Mafunzo ya miaka ile bado yako kazini.

Kanjo nao wanafuata fikra ile ile: kwamba katikati ya mji ni ya watu safi, na anayeuza viazi karai ni uchafu wa kuondolewa. Mkoloni aliogopa Mwafrika asiye na kazi ya bwana mjini, akaweka sheria ya uzururaji ya kumshika. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1997, fikra haikufutwa. Jengo la mlowezi likizeeka linaitwa urithi. Kibanda cha mama kikizeeka kinaitwa kero, na usiku mmoja tingatinga linafika.

Sitaki hata kuanza kuhusu Juni 25, 2024. Vijana wasio na bunduki waliandamana kupinga kodi, wakapigwa risasi kwenye barabara hizi hizi za mji. Ukiisoma Machi 1922 baada ya hapo, huwezi kuisoma kama hadithi ya watu wa kale. Muthoni anakuwa mtu unayemjua. Na kama yeye amesahaulika na wanywaji kahawa wa leo, nani amekuambia wale wa 2024 watakumbukwa na wanywaji kahawa wa mwaka 2124?

Tufanye nini basi?

Kwa wenye hoteli: mmeweka miaka ya 1902 na 1904 kwenye nembo kwa sababu zamani inauza. Sawa. Basi uzeni yote. Wekeni ukutani jina la Mary Muthoni Nyanjiru na tarehe yake. Wekeni picha za wapishi, madobi na weita waliofanya kazi humo miaka 40, na majina yao, si "wahudumu wenyeji". Mgeni anayelipia chumba ghali anaweza kuvumilia ukweli kidogo.

Kwa kaunti na Makavazi ya Kitaifa: kuna sheria ya urithi ya mwaka 2006 inayowezesha maeneo kutangazwa kuwa ya kihistoria na kulindwa. Isiwe ya majengo ya mawe na makanisa pekee. Kariokor, Burma na nyumba kongwe za Pumwani zina haki hiyo hiyo. Kulinda pia ni kuweka maji, taa na choo, halafu kumwachia mama nafasi yake ya biashara kwa kodi anayoiweza.

Kwetu sisi: simu tunazo. Ule mzee mwenye hoteli River Road ambaye amekuwa akipika matumbo tangu kabla wazazi wako waoane, mhoji. Rekodi dakika 10. Muulize alianzaje, nani alimnyima leseni, chai iliuzwa senti ngapi. Hiyo ni video ambayo haihitaji mwanga mzuri. Akifa kabla hujamuuliza, hakuna ukuta wenye picha yake mahali popote.

Na ukiwa kwenye veranda, endelea kunywa. Ila kabla ya kuandika ilikuwa tamu, muulize weita Muthoni ni nani. Akijua, mpe tip nzuri. Asipojua, msimulie.

Mtaani kwenu ni hoteli gani ya zamani ambayo ikibomolewa kesho historia yake itaenda nayo? Itaje, na utaje pia jina la anayepika.